Kupigwa kalenda na GTA VI: miaka huwa inakwenda wapi gemu ikichelewa

Msomaji wa Morogoro ameuliza hivi: "Nina kibanda cha gemu, PS3 mbili na PS4 moja. Tangu GTA V (Grand Theft Auto) itoke wateja wananiuliza VI inakuja lini. Walisema 2025, wakasogeza hadi Mei 2026, wakasogeza tena hadi Novemba 2026. Sasa vijana wa mtaani wanataka kuchanga hela ninunue PS5 kabla haijatoka. Wengine wanasema gemu ikichelewa ndiyo inatoka kali. Wengine wanasema tunapigwa kalenda tu, tuwatukane mitandaoni mpaka waitoe. Nani yuko sahihi? Na hizo hela nizipokee?"

Ndugu yangu, nianze na hela kwa sababu ndizo zinazoweza kukuharibia jina mtaani: usizipokee kwa sasa. Sababu nitakupa nikifika mwisho, maana haieleweki vizuri mpaka ujue miaka yote hiyo huwa inakwenda wapi. Kuhusu ubishi wa wateja wako, kila upande umeshika nusu ya jambo. Kuchelewa peke yake hakukuambii chochote kuhusu gemu. Hollow Knight: Silksong ilisubiriwa miaka sita na nusu tangu itangazwe, ikatoka kali. Duke Nukem Forever ilisubiriwa miaka kumi na minne, ikatoka aibu. Cha kuuliza ni kazi gani ilifanyika ndani ya miaka hiyo, na siku ya tangazo kazi ilikuwa imefika wapi. Naamini kabisa kwamba hasira nyingi za mashabiki hupandwa siku gemu inapotangazwa. Siku ya kuahirishwa ni ya kuvuna tu.

Wateja wako wa zamani, wale walioanza na San Andreas kwenye PS2, wana haki ya kushangaa. GTA III ilitoka 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004. Gemu tatu ndani ya miaka mitatu, na vibanda vyetu viliendelea kuishi nazo, nyingi zikiwa kwenye diski za kunakili, miaka mingi baadaye. Kisha IV ikaja Aprili 2008, V ikaja Septemba 17, 2013, na baada ya hapo kimya kirefu. Aliyezoea kasi ya mwanzo anaona Rockstar, watengenezaji wa gemu hizi, wamelala.

Hawakulala. Kwanza, GTA V haikuisha. Oktoba 2013 walifungua GTA Online, ambako wachezaji hununua hela za mchezo kwa hela za kweli, na gemu yenyewe ikauzwa upya kwa PS4 mwaka 2014 na kwa PS5 mwaka 2022. Imepita nakala milioni 200. Kampuni inayoingiza hela kiasi hicho haina njaa ya kuiharakisha VI. Pili, studio za Rockstar zilizotawanyika Uingereza, Marekani, Kanada na India ziliunganishwa kwenye kazi moja kubwa, Red Dead Redemption 2, iliyotoka Oktoba 2018. Gemu ile ilimeza watu wote. Kwa hiyo anayesema VI imetengenezwa miaka kumi na miwili anahesabu vibaya. Februari 2022 ndipo Rockstar walipotamka wazi kwamba kazi ya toleo jipya imepamba moto, na trela ya kwanza ikaja Desemba 2023.

Katikati ya hapo kulitokea jambo ambalo kila shabiki anapaswa kulijua. Septemba 2022 mdukuzi aliingia kwenye mawasiliano ya ndani ya Rockstar akamwaga mtandaoni video zipatazo 90 za gemu ikiwa bado jikoni. Baadaye mahakama ya Uingereza ilimpata kijana wa miaka 18 kuwa ndiye aliyefanya hivyo, na mwaka 2023 ikaamuru azuiliwe hospitalini. Lakini kilichonigusa zaidi ni namna watu walivyopokea zile video. Wengi walicheka: mbona picha mbaya, mbona kuta hazina rangi, mbona maandishi ya ajabu yanaelea juu ya vichwa vya wahusika? Watengenezaji wa studio nyingine wakajibu kwa heshima kubwa. Waliweka hadharani picha za mwanzo za gemu zao wenyewe, gemu ambazo dunia inazisifu, na zote zilikuwa visanduku vya kijivu na watu wanaoteleza bila kukunja magoti. Ndivyo gemu ilivyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Uzuri unaouona kwenye trela huingia mwishoni.

Na mwisho huo ndio unaodanganya kila mtu, wakiwemo wenye studio. Mimi kazi yangu ni kutengeneza gemu, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo. Gemu ya mji wazi kama GTA, ambamo mchezaji anazurura atakako, ina sehemu nyingi mno zinazogusana: gari, maji, polisi, hali ya hewa, simu ya mhusika, mbwa anayevuka barabara. Kila moja ukiijaribu peke yake inafanya kazi. Ukiziweka pamoja, polisi anakwama kwenye mlango wa boti, boti inapaa, na hakuna aliyeandika mstari wa programu unaosema boti ipae. Unarekebisha boti, mlango unaharibika. Kila rekebisho linaweza kuzaa kosa lingine, na makosa yenyewe hayana foleni kwamba utahesabu yaliyobaki ugawanye kwa siku. Ndiyo maana studio inaweza kuonyesha gemu inayopendeza, ikaamini kwa dhati kwamba imebakiza miezi sita, kisha miezi sita ikageuka mwaka na nusu. Juu ya hapo Sony na Microsoft wana ukaguzi wao ambao kila gemu lazima ipite kabla ya kuuzwa kwenye mashine zao. Kwa hiyo studio iliyokwisha kukuonyesha gemu yenyewe ikisogeza tarehe katika hatua hii, mara nyingi ni dalili ya kazi inayoendelea. VI iliposogezwa kutoka 2025 hadi Mei 26, 2026, na Novemba 2025 ikasogezwa tena hadi Novemba 19, 2026, mimi nilisikitika kama shabiki, ila kama mtu wa kazi hii sikushtuka.

Sasa tazama miaka iliyopotea kweli, maana ipo.

Duke Nukem 3D ilitoka mwaka 1996 ikatajirisha studio ya 3D Realms ya Texas. Aprili 1997 wakatangaza mwendelezo, Duke Nukem Forever, kwa matumaini ya kuutoa mwaka uliofuata. Walikuwa wamenunua haki ya kutumia injini ya Quake II. Injini ndiyo programu ya msingi inayochora picha, inayoendesha sauti na inayoamua kitu kikidondoka kinaangukaje; karibu kila kitu kingine hujengwa juu yake. Mwaka 1998 wakaona injini ya Unreal ni bora zaidi, wakahama. Kuhama injini wakati huo kulikuwa sawa na fundi anayebomoa msingi kila nyumba ikifika kwenye lenta: tofali zinabaki, lakini ukuta unaanza upya. Mkuu wa mradi, George Broussard, alikuwa mtu wa kutaka ubora usio na mwisho. Gemu ya wapinzani ikitoka na kitu kipya, naye anakitaka ndani ya Duke. Na kwa kuwa studio ilijigharamia kwa faida ya gemu iliyopita, hapakuwa na mtu wa nje wa kugonga meza na kusema imetosha.

Mwaka 2001 walionyesha trela kwenye maonyesho ya E3, na wanaoikumbuka bado wanaizungumza. Ilikuwa mbele ya wakati wake. Kama wangefunga milango siku ile, wakakataa kila wazo jipya na kumalizia kilichokuwepo, huenda leo tungeitaja gemu hiyo kwa sauti nyingine. Hawakufanya hivyo. Wakaulizwa inatoka lini, wakajibu kwamba itatoka ikikamilika, jibu ambalo mwanzoni liliheshimiwa, kisha likawa mzaha wa dunia nzima. Mei 2009 timu ikavunjwa. Kampuni ya Gearbox ikaichukua kazi ile, ikaimalizia, na Juni 2011 ikaingia madukani. Wahakiki waliiponda. Ilikuwa imebeba tabaka za zama tofauti: mizaha ya miaka ya tisini iliyokwisha kuchacha, na kanuni ya kubeba silaha mbili tu iliyoazimwa kutoka gemu za muongo uliofuata. Mei 2022 toleo la mwaka 2001 likavuja. Watu wakaliendesha kwenye kompyuta zao na kukuta mengi ya yale ya trela yalikuwa ya kweli, vipandevipande, yakisubiri kuunganishwa. Hilo liliniuma kuliko gemu yenyewe. Kazi ilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kusema basi.

Kwa hiyo mteja wako akikuambia gemu ikichelewa lazima iwe nzuri, mpe Duke. Kuna msemo unaozungushwa mitandaoni kwa jina la Shigeru Miyamoto wa Nintendo kwamba gemu iliyocheleweshwa mwishowe huwa nzuri, iliyoharakishwa hubaki mbaya milele. Sijaona mtu akionyesha alipousema, na hata angekuwa ameusema, nusu yake ya kwanza si kweli.

Kuna namna ya pili ya kupotea kwa miaka, nayo ni pale ambapo hakuna anayefanya kazi lakini hakuna anayesema. Hapa ndipo Half-Life inapoingia. Valve, watengenezaji wake, walitoa Half-Life 2 mwaka 2004, kisha wakaahidi vipande vitatu vifupi vya kuendeleza hadithi. Cha kwanza kilitoka 2006, cha pili Oktoba 2007. Cha pili kinaishia pabaya sana: mzee mpendwa, baba wa mhusika mkuu wa kike, anauawa mbele ya macho yako, binti analia, na skrini inafungwa. Cha tatu kilipaswa kufuata upesi. Hakikuja, na Valve hawakutangaza kwamba wamekiacha. Miaka ikapita, watu wakimaliza vyuo, wakizaa watoto, na hakuna sentensi moja rasmi ya kuwaambia kama bado wasubiri.

Mashabiki walijaribu njia za adabu kwanza. Mwaka 2012 maelfu yao walipanga siku moja, wakaifungua Half-Life 2 kwa wakati mmoja ili namba ziwaonyeshe Valve kwamba wapo. Hawakuomba hata gemu, waliomba mawasiliano. Agosti 2017 Marc Laidlaw, mwandishi wa hadithi hizo aliyekuwa ameshaondoka Valve, aliweka mtandaoni barua yenye majina yaliyobadilishwa kidogo, na kila aliyeisoma alielewa kwamba huu ndio mwisho wa hadithi ambao hawangeucheza kamwe. Hapo hasira ikamwagika mahali pasipohusika: watu wakaenda kuipa alama mbovu Dota 2, gemu nyingine kabisa ya kampuni hiyohiyo. Mwaka 2020 Valve walitoa Half-Life: Alyx, kazi nzuri mno, lakini inataka kifaa cha VR cha kuvaa usoni, na bei ya kifaa hicho iliwaacha nje wengi wa waliongoja.

Novemba 2024, Half-Life 2 ilipotimiza miaka 20, Valve walitoa filamu ya kumbukumbu na hatimaye wakaeleza. Kazi ya kipande cha tatu ilikuwa imeanza, kulikuwa na silaha ya barafu na adui wa umbo la utelezi, lakini Gabe Newell, mkuu wa kampuni, hakuona kipya ambacho gemu ile ingekileta. Kuendeleza hadithi tu hakukumtosha. Sababu hiyo naiheshimu kama mtengenezaji. Siiheshimu namna ilivyofichwa. Sentensi hiyo ingesemwa mwaka 2009 watu wangelalamika msimu mmoja, wakaendelea na maisha yao.

Silksong ni mfano ninaoupenda kwa sababu unavunja kanuni za haraka, hata zangu. Team Cherry ni studio ndogo sana ya Adelaide, Australia, watengenezaji wa Hollow Knight ya 2017. Silksong ilianza kama nyongeza waliyowaahidi waliowachangia hela kwenye Kickstarter mwaka 2014. Ikakua, na Februari 2019 wakaitangaza kuwa gemu kamili. Kisha wakanyamaza. Mwaka 2022 ilionekana kwenye maonyesho ya Xbox, na wenye maonyesho wakasema kila kilichoonyeshwa kitachezeka ndani ya miezi kumi na miwili. Mei 2023 studio ikasema hapana, bado. Mashabiki wakageuza kungoja kuwa mchezo wenyewe. Kila kukiwa na maonyesho wanajipaka rangi za wachekeshaji wa sarakasi kwenye picha, wakijiambia safari hii itatajwa, na isipotajwa wanacheka pamoja. Mtu mmoja alikuwa akitoa video kila siku kuwajulisha wenzake kwamba leo hakuna habari.

Ukimya ule ulifanana na wa Valve kwa nje tu. Agosti 2025 Ari Gibson na William Pellen, waanzilishi wa Team Cherry, waliliambia shirika la habari la Bloomberg kwamba hakukuwa na balaa lolote: walikuwa wakifurahia kazi, wanaongeza maeneo, wanaongeza maadui, na waliona kuwarudishia watu kila mara habari ya "bado tunaitengeneza" kungewachosha. Wakatangaza tarehe wiki mbili tu kabla. Septemba 4, 2025 gemu ikatoka kwa dola 20, na maduka ya mtandaoni ya Steam, Nintendo, PlayStation na Xbox yakaelemewa na wanunuzi kwa saa kadhaa. Siku za mwanzo kwenye Steam pekee zaidi ya watu 500,000 waliicheza kwa wakati mmoja. Studio kadhaa ndogo zilisogeza tarehe za gemu zao ili zisikanyagwe. Malalamiko yalikuwepo: ugumu wake, na tafsiri ya Kichina iliyowakera wachezaji wa China mpaka studio ikaahidi kuirekebisha. Lakini hakuna aliyesema miaka ile ilipotea, kwa sababu ilionekana ndani ya gemu.

Hata hivyo nasimama na wanaosema wangeweza kutoa taarifa moja fupi kila mwaka. Isingewagharimu kitu. Nintendo, ambao kwa kawaida ni wasiri kupindukia, walilifanya vizuri zaidi: waliitangaza Metroid Prime 4 mwaka 2017 kwa nembo tu, na Januari 2019 Shinya Takahashi akasimama mbele ya kamera, akaomba radhi, akasema kazi iliyofanyika haikufikia kiwango na inaanza upya chini ya Retro Studios. Wengi walisikitika na wengi hao hao walishukuru. Ilitoka Desemba 2025.

Hela zinapoingia kabla ya gemu kuwepo, mambo yanabadilika, na hapa nisome kwa makini maana panakuhusu. Shenmue, gemu ya mtengenezaji Yu Suzuki, ilitoka Japani mwishoni mwa 1999, ya pili 2001, hadithi ikakatika. Juni 2015, baada ya miaka kumi na minne, Suzuki alipanda jukwaani kwenye mkutano wa Sony akawaomba mashabiki wachange wenyewe. Dola milioni mbili alizoziomba zilipatikana kabla ya siku kwisha, na mwishowe zikafika zaidi ya milioni sita kutoka kwa watu wapatao 69,000. Ahadi ilikuwa Desemba 2017. Ikasogea 2018, ikasogea Agosti 2019, ikatoka Novemba 19, 2019. Kusogezwa huko watu walikuvumilia, tena kwa upole ulionishangaza.

Kilichowakasirisha ni kingine kabisa. Waliochangia kwa ajili ya kompyuta walikuwa wameambiwa watapata gemu kupitia Steam. Juni 2019 wakaambiwa kwa mwaka mzima itapatikana kwenye duka la Epic peke yake, kwa sababu ya makubaliano ya kibiashara ambayo wachangiaji hawakuulizwa. Makelele yalikuwa makubwa, na mwishowe wakapewa nafasi ya kurudishiwa hela. Watu wale walikuwa na haki. Shabiki aliyengoja bure ana huzuni. Aliyelipa ana dai. Na aliyepokea hela ndiye anayesimama mbele ya wadai, hata kama uamuzi ulifanywa na mtu mwingine mezani kwingine.

Kuhusu kuwatukana: hapana, na naomba uwaambie vijana kwa sauti ya kaka yao. Oktoba 2020 gemu ya Cyberpunk 2077, ambayo si mwendelezo wa gemu nyingine lakini ilisubiriwa mno, iliahirishwa kwa mara ya tatu, na watengenezaji wake wakaanza kupokea vitisho vya kuuawa. Ikatoka Desemba mwaka huo ikiwa mbovu kwenye PS4 kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani ndani ya wiki moja na kitu. Sisemi vitisho ndivyo vilivyoiharibu. Wakubwa wa kampuni waliamua kutoa gemu isiyokuwa tayari. Nasema shinikizo la "itoeni sasa" halimfikii mkubwa. Linamwangukia mrekebishaji wa makosa anayekesha ofisini. Kabla ya Red Dead Redemption 2 kutoka, Dan Houser wa Rockstar alisema kwenye mahojiano kwamba kulikuwa na wiki za kazi za saa 100, na dunia ikashtuka mpaka kampuni ikalazimika kufafanua. Anayetaka VI iharakishwe anataka, labda bila kujua, saa zile zirudi.

Kelele yenye maana ipo. Ni ile inayodai jambo moja linaloweza kutekelezwa: semeni kama mnaendelea au mmeacha, rudisheni hela, rekebisheni tafsiri. Wachangiaji wa Shenmue walisikilizwa. Wachina wa Silksong walisikilizwa. Waliotukana hawakupata kitu.

Turudi kibandani kwako. Kwa kadiri ilivyotangazwa, GTA VI itatoka kwa PS5 na Xbox Series X na S. PS4 yako haitaicheza, kwa hiyo hoja ya vijana kwamba mashine mpya inahitajika ni ya kweli. Lakini ukizipokea hela zao kwa jina la gemu, umejibebesha tarehe ambayo huna mamlaka nayo. Rockstar wakisogeza tena, hawatakwenda kumdai Rockstar. Watakuja kwako, na wengine watakuwa wameshahama mtaa au wameshabadili mawazo. Waambie wajiwekee wenyewe, kila mtu kwenye simu yake, na siku gemu ikiwa dukani wakukute.

PS5 yenyewe ipigie hesabu bila kuitaja GTA kabisa. Unajua kuliko mimi kinacholipa kodi ya kibanda: soka. Soka inakalisha wawili, nyuma yao wamesimama wanne wanaosubiri zamu, na mechi haifiki nusu saa. GTA inamkalisha mmoja, anazurura mjini saa nzima, wenzake wanatazama bure. Kama hesabu ya PS5 inatoka kwa soka peke yake, inunue kwa hela yako ukiwa tayari, na GTA VI itakuwa nyongeza. Kama haitoki bila GTA VI, subiri.

Na itakapotoka usiwe wa kwanza. Gemu hizi sasa huja na marekebisho makubwa ya siku ya kwanza, na Red Dead Redemption 2 ilishapita GB 100, kwa hiyo weka akiba ya bando na nafasi kwenye mashine. Ipe wiki mbili. Tazama waliokwisha kuicheza wanasema nini kuhusu kukwama na kuhusu kuhitaji intaneti muda wote, kwa maana kibanda kinachotegemea bando la simu hakiwezi kubeba gemu inayogoma mtandao ukikatika. Ukishalijua hilo, ndipo uwaite vijana mpange bei ya saa.